Manyuali au Auto? Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Kuhusu Giaboksi na Raha ya Kuendesha

Mtaani kwetu nimekuwa kama mwalimu asiye na shule. Watoto wa majirani wamejifunzia kwenye pikapu ya mjomba wangu, ya manyuali, yaani unabadili gia mwenyewe kwa klachi, na mimi mwenyewe kila siku naenda kazini na Toyota IST ya auto, inayobadili gia yenyewe. Nakula kwenye sahani zote mbili, kwa hiyo maswali nayapata kutoka kambi zote mbili. Haya ndiyo yanayojirudia, na nimeyaacha yalivyoulizwa.

Kaka, sema moja kwa moja: kipi bora, manyuali au auto?

Bora wapi, na saa ngapi? Ukiniuliza saa kumi na moja jioni nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, Dar, naelekea Kimara, nitakujibu auto kabla hujamaliza swali. Ukiniuliza Jumamosi asubuhi nikiwa Mombo, pua ya gari imeelekea milima ya Lushoto, nitakwambia nipe funguo za pikapu.

Ninachokataa ni ile kauli ya kijiweni kwamba mwenye manyuali anaendesha na mwenye auto anaendeshwa. Auto nyingi zinachosha kwa sababu dereva hajawahi kugusa kitu kingine zaidi ya D, ile nafasi ya kwenda mbele. Tutafika huko.

Mbona karibu kila gari dogo linaloshuka bandarini ni auto? Nani alituchagulia?

Wajapani. Wao wanapita kushoto mwa barabara kama sisi na usukani wao uko kulia, kwa hiyo gari lililotumika kule linatufaa hapa bila kuhamishwa kitu. Na Mjapani wa kawaida aliachana na klachi zamani. Tangu 1991 kwao kuna leseni ya auto peke yake, na wengi hawaoni sababu ya kutafuta nyingine. Gari linapofika Dar au Mombasa limeshachaguliwa na mtu aliyekuwa akienda nalo dukani Nagoya. Sisi tunachagua rangi.

Manyuali ikishuka melini, mara nyingi ni gari la kazi: pikapu, Hiace ya dizeli, Canter, Fuso. Ndiyo maana vijana wengi wa mjini wanadhani klachi ni kitu cha konda na utingo. Hawajaiona kwenye gari la nyumbani.

Fundi wangu kila tatizo anasema "toki konveta". Ni kitu gani hicho?

Tuanze na manyuali, maana ni rahisi kuiona kichwani. Kati ya injini na giaboksi kuna klachi pleti inayobanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini. Ukikanyaga pedeli, pleti inaachiwa na injini inazunguka peke yake. Ukiinua mguu, inabanwa tena. Mguu wako wa kushoto ndio unaoamua ibanwe haraka au polepole.

Kwa auto, chukua feni mbili za mezani uzitazamanishe, kisha washa moja. Ya pili itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake ingawa haijachomekwa kwenye umeme. Sasa badala ya upepo weka mafuta, fungia feni zote mbili ndani ya bakuli la chuma, na katikati weka feni ndogo ya tatu inayoyageuza mafuta yanaporudi ili yasukume kwa nguvu zaidi. Bakuli hilo ndilo toki konveta. Ndiyo sababu unasimama kwenye taa ukiwa na D na injini haizimi: feni ya kwanza inazunguka, ya pili umeishika kwa breki.

Wazo hilo lilianzia baharini. Mjerumani Hermann Föttinger alilibuni mwaka 1905 ili kuunganisha mtambo wa mvuke na pangaboi la meli. Kwenye magari, auto ya kwanza kuuzwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa 1939 na kuwekwa kwenye Oldsmobile za 1940. Hiyo ilikuwa na gia nne na feni mbili tu. Ile ya tatu ilikuja baadaye kwenye magari mengine.

Kwa upande wa raha, kumbuka jambo moja: feni ya pili huchelewa kidogo kumfuata mwenzake. Ile hisia ya kukanyaga mafuta halafu gari likawaza kwanza, sehemu yake inatoka humo bakulini. Auto za kisasa zina klachi ndani ya bakuli inayozifunga feni zizunguke pamoja mkishashika mwendo, na hapo uvivu hupungua sana.

Gari langu nikikanyaga linanguruma tu, sauti haipandi wala haishuki kama ya magari mengine. Giaboksi imekufa?

Inawezekana ni nzima kabisa na gari lako ni CVT. Humo hamna gia za namba. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma. Puli moja ikitanuka nyingine inajibana, kwa hiyo uwiano unateleza bila ngazi. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ndiyo iliyoliingiza wazo hilo kwenye magari ya kawaida mwaka 1958, kwa mikanda ya mpira. Magari yale yaliweza kurudi rivasi kwa kasi ileile ya kwenda mbele, na Waholanzi, watu wa ajabu, wakaanzisha mashindano ya kukimbia kinyumenyume.

CVT inaokoa mafuta na ni laini kwa abiria. Kwa dereva anayependa kusikiliza injini, hapana. Unakanyaga, sauti inapanda juu na kukaa hukohuko kama mashine ya kusaga, kisha gari linaifuata sauti yake kwa nyuma. Nimeendesha ya rafiki yangu kutoka Moshi hadi Arusha na sikuweza kukisia mwendo wangu kwa masikio hata mara moja. Ilibidi nitazame saa ya mwendo.

Ikiwa pamoja na kunguruma linavuta kwa kusitasita, linatetemeka ukianza kuondoka, au linagoma likishapata joto, hapo nenda kwa fundi.

Sasa raha ya kuendesha inatoka wapi hasa, kama siyo klachi?

Kwangu mimi ni gari kukujibu. Unaomba kitu kwa mguu au mkono, na jibu linakuja muda uleule, kwa kiasi kilekile ulichoomba. Klachi ni njia moja ya kuomba, na ni njia nzuri, lakini haiko peke yake.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee, na nyingi ni kona. Ukuta wa mlima huku, bonde kule. Pikapu ya mjomba ni Hilux ya dizeli ya zamani na nguvu zake hazimtishi mtu. Kabla ya Soni kuna kona zinazojifunga ukiwa tayari umeingia. Naachia mafuta, nagusa breki, klachi chini, navuta gia kutoka tatu kwenda mbili, napiga honi kwa ajili ya basi ambalo silioni, naachia klachi huku mguu wa kulia ukiipa injini mafuta kidogo ili gari lisinyakue. Pua inaingia. Sauti ya injini inakuwa nzito, ya kubeba, na nakanyaga kutoka. Yote hayo kwa kilomita 35 kwa saa. Mtu aliyekaa barazani akiuza matunda anaona pikapu chakavu inapanda mlima. Mimi huku ndani mikono, miguu na masikio vyote viko kazini, na sijafikiria simu kwa nusu saa.

Barabara hiyohiyo niliipanda na IST. Kwa D peke yake ilikuwa kero: kila nikitoka kwenye kona giaboksi ilikuwa imeshapanda gia ya juu, nakanyaga, inasita, inashusha gia mbili kwa mkupuo, gari linaruka mbele, kona nyingine hii hapa. Abiria wangu alitapika, na simlaumu. Kurudi nikaendesha kwa 2 (isizidi gia ya pili) na kuzima O/D (kitufe kinachoruhusu gia ya juu kabisa) kwenye vipande vilivyonyooka, na lilikuwa gari jingine. Gia ilikaa pale nilipoiweka. Nilijua nikikanyaga nitapata nini. Giaboksi ilikuwa ileile na barabara ileile.

Na kuna mambo yanayoharibu raha kuliko aina yoyote ya giaboksi, ila watu hawayataji kwa sababu hayana ubishi wa kijiweni. Shokapu zilizokufa. Bushi zilizolegea, usukani ukawa na nafasi ya kucheza kama wa lori la mchanga. Tairi za aina nne tofauti. Kiti kilichosukumwa nyuma kama kochi, dereva anashika usukani kwa ncha za vidole. Kabla hujauza auto yako ununue manyuali utafute raha, badilisha shokapu, fanya alaimenti, sogeza kiti mbele. Halafu tuzungumze.

Najifunza manyuali. Kila nikisimama mlimani gari linazima au linarudi nyuma, na wa nyuma anapiga honi. Nifanyeje?

Sahau mlima kwanza. Nenda uwanja tambarare, washa gari, weka namba moja, usiguse mafuta kabisa. Inua mguu wa kushoto polepole, unene wa kidole kimoja, halafu kingine. Kuna mahali sauti ya injini inashuka kidogo na boneti linainuka kama mtu anayevuta pumzi. Ni hapo! Baki hapo ukihesabu mpaka tatu, kisha kanyaga tena klachi. Rudia mara 20. Vua viatu vizito ukiweza. Nyayo inasikia kuliko soli.

Mguu ukishapajua, mlima ni handibreki tu. Simama, vuta handibreki, namba moja, mafuta kidogo, inua klachi mpaka boneti linyanyuke, ndipo uachie handibreki. Gari litakaa palepale kama limewekewa jiwe, kisha litaondoka. Honi za nyuma zisikuharakishe. Anayepiga naye alizimisha gari siku zake.

Mambo matatu yanayoua klachi mapema: kuegesha mguu juu ya pedeli ukiwa mwendoni, kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki (utaisikia harufu ya kuungua), na kuanza safari na namba mbili. Na mkono usikae juu ya gia safari nzima kana kwamba ni fimbo ya mzee. Uzito huo unakula vyuma vya ndani.

Nina gari la auto mwaka wa tatu sasa. Sijawahi kugusa 2, L wala kile kitufe cha O/D. Ni vya nini?

Hizo ndizo gia zako. Ulizilipia.

Kwenye Toyota nyingi za zamani zenye gia nne, O/D ni ruhusa ya kutumia gia ya nne. Ukibonyeza na taa ya "O/D OFF" ikawaka, umeizuia: gari linabaki na tatu za kwanza. Ukiweka 2, halizidi namba mbili. Ukiweka L, linabaki namba moja. D inaziachia gia zote.

Zinafaa sana mtelemkoni. Mwaka juzi nilishuka mlima Kitonga nikitokea Iringa. Ukishapita Ilula barabara inaanza kujikunja kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni; malori yanapanda upande wa pili kwa mwendo wa konokono, na upande wako yanashuka mengine yenye shehena. Mbele yangu kulikuwa na gari dogo jipya kuliko langu, taa zake za breki hazikuzima hata mara moja tangu juu. Kufikia katikati niliisikia harufu yake nikiwa na vioo vimefungwa. Mimi nilizima O/D juu kabisa, kisha kwenye kona kali nikaweka 2. Mshale wa mzunguko wa injini ukapanda hadi karibu 3,000 kwa dakika, injini ikaanza kulalamika kwa sauti ya juu, na gari likajishika lenyewe kwenye 50. Breki niliigusa kwa kuidonoa tu. Yule wa mbele tulimkuta chini amesimama pembeni, magurudumu ya mbele yakitoa moshi, mkewe anamwagia maji. (Usimwage maji kwenye diski iliyowaka moto, inaweza kupinda. Subiri ipoe.)

Sauti ile ya juu inawatisha wengi, wanadhani injini inaumia. Kwa 3,000 haiumii. Ila usishushe kwenye L ukiwa 80. Punguza kwanza kwa breki, kisha shusha gia. Na ukishafika chini rudisha D na washa tena O/D, la sivyo utakwenda Morogoro ukimwaga mafuta bure.

Kwenye haibridi, zile za injini na mota ya umeme kama Prius, utakuta B badala ya L. B ni ya kazi hiyohiyo ya kushuka milima. Siyo gia ya kutembelea mjini.

Nikishuka mlima nikiweka nyutro si naokoa mafuta?

Huokoi. Injini yoyote ya kisasa yenye nozeli, ukiachia pedeli ya mafuta gari likiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ijiendeshe yenyewe isizime, na kwa hilo inahitaji mafuta. Umetumia zaidi na umebaki na breki peke yake. Madereva wa malori wanaojua eneo la Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wanajua kushusha na nyutro kumeua watu wangapi pale.

Ipi inakula mafuta kidogo?

Zamani manyuali, bila ubishi, kwa sababu lile bakuli la feni lilikuwa linapoteza nguvu na auto zilikuwa na gia tatu au nne tu. Siku hizi auto yenye gia sita hadi kumi, au CVT, inaweza kuishinda manyuali, kwani haichoki kuchagua gia ya juu. Kwenye foleni ya Mombasa Road zote mbili zitakunywa tu.

Na ipi itanimaliza fedha ikiharibika?

Auto, kama hujaitunza. Klachi ya manyuali ni kitu cha kuisha, kama sandali. Unabadilisha pleti, presha pleti na rilizi bearingi kwa pamoja, kwani kazi kubwa ni kushusha giaboksi na hutaki kuishusha mara mbili. Auto ikifa, wengi hawafungui. Wanakwenda Gerezani, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, kununua iliyotumika nzima nzima. Hiyo ni bahati nasibu. Dai uijaribu ikiwa imefungwa kwenye gari, gia zote, ikiwa ya moto, kabla hujalipa ya mwisho.

Kinachoua auto nyingi kwetu ni mafuta yasiyo yake. Nilishawahi kuachia gari gereji moja, nikarudi nikakuta wametia haidroliki nyekundu "ya magari yote". Baada ya mwezi gia ya pili ilikuwa inaingia kwa kishindo kama mtu anayegonga mlango. Toyota za zamani nyingi zinataka T-IV, zilizofuata zinataka WS. CVT za Nissan zina NS-2 au NS-3 kulingana na gari. Honda Fit za kwanza zenye CVT zina mafuta yao, HMMF. Nyekundu ya kawaida kwenye CVT ni sumu. Soma kijitabu cha gari au maandishi kwenye dipustiki (kile kijiti cha kupimia mafuta), nunua mwenyewe, simama pale wakimimina.

Toyota yenye dipustiki ya giaboksi hupimwa injini ikiwa inaunguruma na giaboksi ina joto, gari likiwa mahali tambarare, baada ya kupitisha mkono kwenye nafasi zote na kurudi P, ile ya kuegesha. Mafuta mazuri yana wekundu na hayanuki. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, anza kuweka akiba.

Mume wangu anasema auto ni gari la wanawake.

Muulize kama anajua kwamba magari ya Formula 1 hayana pedeli ya klachi. Halafu mpe foleni ya Mbagala siku tatu mfululizo kwa manyuali, uangalie goti lake la kushoto Jumatano.

Na kuna watu ambao kwao auto ndiyo mlango pekee wa kuingilia barabarani: mwenye ulemavu wa mguu wa kushoto, mzee ambaye magoti hayamtii. Kuwaita hao madereva nusu ni utovu wa adabu.

Madereva wa mashindano wanatumia ipi?

Hawatumii yetu yoyote. Ferrari ilipeleka Formula 1 gari la kwanza la kubadili gia kwa vibao nyuma ya usukani mwaka 1989, na Nigel Mansell akashinda nalo katika mbio ya kwanza kabisa ya gari hilo, Brazil. Baada ya hapo timu zote zikafuata, kwani mkono wa binadamu hauwezi kushindana na vibao vinavyobadili gia kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Kwenye Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 huko Naivasha, gari za daraja la juu la Rally1 tangu 2022 zina fimbo na gia tano, lakini fimbo hiyo haina mistari ya H kama ya Hiace. Unavuta inapanda namba moja, unasukuma inashuka moja, na klachi ni ya kuondokea tu. Ukisimama pembeni mwa njia pale Kedong unazisikia: kelele inakatika kama kitambaa kinachopasuliwa, kila gia ni mpasuko mmoja.

Kwenye magari ya kununua dukani, Volkswagen ilileta giaboksi ya klachi mbili kwa Golf R32 mwaka 2003: klachi moja inashika gia uliyomo, nyingine imeshaandaa inayofuata. Haraka kuliko dereva yeyote. Lakini tazama kilichotokea kwa Porsche. Mwaka 2013 walitoa 911 GT3 kwa giaboksi ya namna hiyo tu, bila manyuali. Ilikuwa na kasi zaidi, na wapenzi wake wakanuna. Mwaka 2017 wakarudisha manyuali kwa anayetaka. Watu walilipia gari la polepole kidogo ili wapate kazi ya kufanya. Kwangu hilo linajibu swali la raha kuliko maelezo yangu yote ya Lushoto.

Nijifunzie ipi kwanza?

Manyuali, kama unaipata. Anayejua manyuali anahamia auto kwa saa moja; kinyume chake ni wiki kadhaa. Kazi za udereva pia ziko huko: malori, Hiace, Land Cruiser za watalii. Kenya leseni ina daraja lake la gari dogo la auto, na Uingereza ukifanyia mtihani kwenye auto huruhusiwi kuendesha manyuali mpaka ufanye mwingine. Ila kama gari la nyumbani ni auto na huna pa kupata jingine, jifunze kwenye auto leo. Usikae miaka mitano ukisubiri klachi.

Magari ya umeme yakitujaa, haya yote si yatakwisha?

Mengi yao yana gia moja tu, na mota ya umeme inatoa nguvu zake tangu gurudumu likiwa limesimama. Kuna jibu la papo kwa hapo kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Hata hivyo Hyundai, kwenye Ioniq 5 N, wameweka gia za bandia: gari linajifanya linabadilisha, linashtuka kidogo, na spika zinatoa sauti ya injini isiyokuwepo. Nilicheka nilipolisoma. Kisha nikakumbuka Porsche, nikanyamaza.

Betri imekufa na gari ni auto. Vijana wanataka kulisukuma liwake.

Wape soda waende. Pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini; injini ikiwa imezima hakuna presha, na hakuna kinachounganisha magurudumu na injini. Mtasukuma mpaka kesho. Tafuta waya za kuchukulia umeme kwenye gari jingine. Na likivutwa, magurudumu yanayoendesha gari yasiguse chini: kama ni ya mbele, inua mbele.

Wewe unayehama kutoka pikapu kwenda IST, huchanganyikiwi?

Mikono haichanganyikiwi. Ni mguu wa kushoto. Jumapili moja nilirudi kutoka Lushoto na pikapu, jioni nikachukua IST kumpeleka shangazi kanisani. Nakaribia geti, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi, ukakuta ile pedeli pana ya breki, na mguu huo haujui kubembeleza. IST ilisimama kama imegonga ukuta. Sufuria la maandazi ya ushirika lililokuwa mapajani mwa shangazi likaruka hadi kwenye dashibodi. Tangu siku ile, nikitoka kwenye pikapu nauvuta mguu wa kushoto nyuma, nauchomeka chini ya kiti, na shangazi anakaa nyuma na maandazi yake.